Utando

Numbi aliileta mashini kwa mkokoteni
imefungwa blanketi la kitanda chake,
jioni ya mwezi wa sita, Katuba,
baridi imekaa mlangoni kama mdai.
"Dada fundi," akasema,
"inakufa kila nikianza kushinda."

Bei yake naijua. Mtaa mzima unaijua:
miaka miwili ya kwenda na kurudi Kasumbalesa,
sabuni, mafuta, magunia ya unga,
hadi kikaja kisanduku cheusi, kioo ubavuni,
taa zinabadilika rangi kama za harusi.
Na mchezo ndani yake unachechemea.

Dakika nne unatiririka.
Ya tano, mchezaji anainua mguu apige
na mguu unabaki hewani,
mpira unabaki hewani,
golikipa anaruka vipande vipande,
na tukizinduka tumeshafungwa.

Nilianza pale wanapoanza wote.
Nikalaumu umeme, huo haukosi kosa.
Nikalaumu mtandao: Numbi akachomoa waya,
akacheza peke yake. Bado.
Nikafuta programu, nikaziweka upya,
nikapunguza vivuli, nikapunguza nyasi,
nikawaondoa mashabiki
mpaka uwanja ukawa mtupu kama kanisa la Jumatatu.
Bado.
Nikapuliza vumbi jekundu. Lilikuwa la wiki tatu tu,
halijajifunza hata kuziba.
Shangazi yake akashauri tumwite mchungaji.
Sikucheka. Nilikuwa nimebakiwa na mawazo mawili,
na la pili lilikuwa hilo.

La kwanza: niache kutazama mchezo, nitazame namba.
Digrii sabini.
Themanini na tisa.
Mia kasoro moja,
na papo hapo kasi inaporomoka:
mashini inajibana isiungue.
Mtu wa nje ataita uvivu.

Baba alikuwa mtu wa tanuru.
Alirudi usiku, akakaa uani kwa kiti cha chuma,
hasemi, mpaka bukari inapoa.
Tulidhani hatupendi.
Mara moja tu aliniambia kitu kuhusu kazi:
"Shaba haina choyo. Ukiipa moto inaupitisha.
Ila lazima iguswe."

Nikafungua skrubu nne.
Nikainua feni, mapezi, mabomba ya shaba,
nikakigeuza kitako chake kwenye tochi ya simu.
Utando.
Plastiki nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
na juu yake maneno mekundu, madogo,
kwa lugha ambayo aliyeiunga mashini hakujisumbua nayo:
bandua kabla ya kutumia.

Ndiyo hivyo tu.
Chini yake shaba inang'aa kama haijazaliwa,
haijafanya kazi hata siku moja.
Shaba, Lubumbashi!
Labda ilichimbwa nyuma ya nyumba hizi,
ikazunguka dunia yote, ikalipiwa kila mpaka,
ikarudi kwetu imevaa nailoni.

Nikambandua. Samahani, nikaubandua.
Ulitoa sauti ndogo, kama ya busu.
Nikaweka marhamu mpya, kiasi cha punje ya njegere,
nikakaza skrubu kwa mshazari,
nikakaa kidogo na mkono juu ya chuma baridi,
nikiwaza meza yetu, sufuria katikati,
mtu anawaka upande ule,
mtoto yuko baridi upande huu,
na hakuna aliyesoma maandishi.

Digrii sitini na moja.
Mguu ukashuka. Mpira ukaondoka.
Nyasi tukazirudisha, mashabiki wakarudi na ngoma zao,
sitini na moja, sitini na mbili,
Numbi hapumui,
tatu kwa mbili, dakika za nyongeza,
anaingia kwenye boksi, anainua mguu

giza.

Mtaa mzima ukasema "Eee!" kwa mdomo mmoja.
Numbi akanigeukia, nikamwona meno tu.
"Dada. Tena?"
Nikapapasa kiberiti.
Hapana, nikamwambia.
Safari hii kweli ni umeme.