Farasi wa Kukodi

Barua tuliiandika mara tatu.
Ya kwanza ilirudi kwa kukosa muhuri,
ya pili kwa kukosa sababu.
Karani wa polisi alilisoma neno Dalit kwa midomo tu,
bila sauti, kisha akauliza:
"Kwa nini farasi? Magari yamekwisha Gujarati?"
Kaka yangu Dhiren akasema, "Nataka farasi."
Karani akaandika: Mwombaji ameshindwa kueleza.

Toka mlangoni petu hadi kituo cha basi
ni hatua mia nne na kumi.
Nilizihesabu siku ya harusi yangu,
nyuma ya mume aliyekwenda kwa miguu,
viatu mkononi mbele ya baraza za mabwana,
kilemba ndani ya mfuko wa plastiki.
Husemwa penye nia pana njia.
Nia hatukuikosa.
Njia ndiyo ina wenyewe.

Yakub wa mjini ndiye aliyekubali.
Wengine waliuliza kwanza jina la ukoo;
yeye aliuliza uzito wa bwana harusi.
Farasi jike, rangi ya lozi, jina lake Badami,
jicho la kushoto lina mtoto wa jicho.
"Upande huo msimjie kimyakimya," alisema, "hushtuka."

Baba alimpapasa shingo.
Miaka arobaini amechuna ng'ombe wa watu,
mizoga wanayomwita aiondoe
kisha wanaziba pua akipita nayo.
Ngozi ivute ingali maji: huo ndio usomi wake wote.
Lakini mikono ile haikuzoea
ngozi inayojibu.
"Ina joto," akasema.
Basi.

Walikuja polisi thelathini na mmoja,
askari wengi kuliko wapishi.
Ngoma ikalia. Dhiren juu,
upanga wa kuazima unamgonga paja,
uso umemkauka kama picha ya kitambulisho.
Milango ikafungwa mmoja mmoja mbele yetu,
na tulipokaribia hekalu
tukawakuta wameketi katikati ya njia,
wamewasha moto wa ibada,
ghafla wana jambo la kumwambia Mungu
hapo hapo, saa hiyo hiyo.

Tulisimama saa moja na nusu juani.
Inspekta alibembeleza upande wao,
akatufokea upande wetu.
Moto ulipofifia wakasogea, kidogo,
upana wa farasi mmoja.

Jiwe la kwanza lilitoka kushoto.
Badami akaruka. Kilemba kikaanguka mtaroni
na Dhiren akabaki amekumbatia manyoya ya shingo,
kichwa wazi, mbele ya kijiji kizima.
Nilidhani atashuka.
Nasema kweli, nilitaka ashuke.
Niliingia mtaroni na sari yangu ya harusi,
nikakitoa kilemba kinachuruzika maji meusi,
nikampa nikiomba akikatae.
Akakivaa.

Baba hakusema neno. Alizunguka
akaenda kushoto, upande wa jicho lisiloona,
upande wa mawe,
akaweka kiganja shingoni mwa farasi
na wakatembea hivyo, wote watatu,
hadi kituo cha basi.
Alishonwa nyuzi sita sikioni.

Alfajiri yake, kama alfajiri zote,
mama alitoka na ufagio.
Mtaa wa mabwana ndio kazi yake,
kwa mikate miwili ya jana, inayodondoshwa
kutoka juu ili mkono usikutane na mkono.
Alifagia majivu ya ibada yao.
Alifagia mawe, akayarundika ukutani.
Akafika mbele ya baraza kubwa kuliko zote,
na pale, zimechapwa udongoni,
alama nne za kwato.

Bibi wa nyumba akakohoa dirishani.
"Hapo umepaacha."
Mama aliinama, akazitazama kwa muda
kama mtu anayesoma.
Mama hajui kusoma.
"Nimepaona," akasema,
akafagia pembeni yake.