Doa Jeupe

Daktari Rautiainen alizing'oa zile waya Jumanne,
moja moja, koleo likilalama,
miaka mitatu ya chuma ikadondoka kwenye kisahani
kama misumari ya kiatu kikuukuu.
Akanipa kioo.

Nikaona meno yamenyooka kama watoto gwarideni,
na juu ya kila jino, pale gundi ilipoketi,
mraba. Hapana, si mraba, ukingo wa mraba,
mweupe kama chokaa.

Nilidhani kuoza ni weusi.
Mama alinitishia weusi tangu utotoni:
tundu, shimo, kisiki kilichoungua.
Hakuna aliyeniambia kwamba mwanzo wake hujipaka unga,
huja umevaa kama bibi harusi.

Na harusi ya dada yangu Hilppa ilikuwa Juni.
Nikanunua vibandiko vya kung'arisha, pakiti mbili,
duka la karibu na kituo cha mabasi, Kuopio,
nikavivaa usiku chini ya blanketi,
maumivu yakinichoma hadi sikioni.
Siku ya nne meno yaling'aa kidogo.
Madoa yaling'aa zaidi.
Nilikuwa nimeupaka weupe weupe.

"Mpumbavu," daktari hakusema. Alisema "Hm,"
ambayo kwa watu wa huku ni hotuba nzima.
Akalikausha jino kwa upepo, doa likaruka mbele;
akalilowesha, likarudi nyuma.
"Unaona? Lina njaa. Halijatoboka.
Gamba la jino halina damu wala mshipa,
likivunjika halioti tena,
ila kunywa linajua.
Kwanza lilishe. Kulingarisha baadaye,
kama utakuwa bado unataka."

Basi nikaiaga soda ya ukumbi wa magongo,
nikatafuna sukari ya mbetula baada ya kila mlo,
nikasugua kwa dawa nzito ya floridi, nikatema,
nisisukutue (hili ndilo lilikuwa gumu),
nikalala na mnanaa mdomoni
kama neno nililokatazwa kulisema.

Februari, sakitu kwenye dirisha la jikoni.
Machi, ziwa bado linabeba magari.
Aprili nikadhani doa la kushoto limefifia,
nikamwita baba aangalie.
Baba, ambaye meno yake ya mbele hulala kwenye bilauri,
akainama na tochi ya simu, akakaa kimya kirefu.
"Mimi naona meno," akasema. "Tena mengi."
Jino la pembe si dawa ya pengo;
yeye hahitaji kuambiwa.

Mei barafu ilipasuka usiku. Sikulala.

Juni, mpiga picha akasema tucheke.
Mkono wangu ukapanda wenyewe, kwa mazoea,
ukafika kidevuni.
Hilppa akaudaka, shela na maua na vyote,
akaushusha kwa nguvu.
Kwenye picha
tunaonekana kama tunagombana.