Ongeza Tatu

Ghanim amekuja kutoka Sharja na glavu nyeupe,
kama mtu aliyeitwa kuosha maiti.
Anavitaka vyombo vyote vya rafu ya chini:
osiloskopu yenye jicho la kijani,
jenereta ya mawimbi, nzito kama mbuzi wa Idi,
na mita ya wati,
hii, yenye kioo kilichopasuka pembeni,
iliyopima simu za upepo za nusu ya nchi
kwenye kichochoro hiki cha Ruwi
ambako viyoyozi hutema maji juu ya lami
na lami huyanywa papo hapo.

"Nzuri," anasema. "Ila hii karatasi."
Na ukucha wake, ndani ya glavu, unaanza kukwangua.

Ngoja.

Karatasi hiyo aliibandika baba mwaka wa themanini na moja,
mita ilipoanza kusema uongo.
Redio ya wati ishirini na tano, yenyewe yaapa ishirini na mbili.
Ya kumi na tatu, yasema kumi.
Wakala akataka ipelekwe Bahrain ikasahihishwe:
rial arobaini, na mwezi mzima bila kazi.
Baba, aliyeokota matone ya risasi sakafuni
akayayeyusha tena,
akauliza, "Rial arobaini kwa wati tatu?"
Akakata ubavu wa pakiti ya chai, akaandika,
herufi za Kiarabu, maneno ya Unguja,
mteja asome asielewe:

Inadanganya. Ongeza tatu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Huyu katembea miaka arobaini na ushei
bila kubadili neno.
Asubuhi tatu, jioni tatu,
joto la Juni likiyeyusha gundi ya viatu, tatu.
Mwongo wa namna hiyo utamwitaje?

Kunjumon, fundi wetu wa Kerala,
hakuwa na Kiswahili kingine ila hicho.
Alimwambia muuza nyanya mbele ya mizani yake,
alimwambia daktari aliyempima presha:
inadanganya, ongeza tatu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kopo.
Mzigo wa bandia: kopo la mafuta, kizuizi tumboni,
unaifunga redio humo badala ya antena,
inapiga ukelele wake wote
na hakuna anayesikia.
Nilibonyeza swichi, nikasema lililonijia,
Thuwaiba hapa, Thuwaiba hapa, unanipata?
Siri zangu zote za mwaka ule
ziliishia kuwa joto kwenye bati.
Baba huweka kiganja juu ya kopo
kabla hajaitazama sindano.
Kiganja hicho hicho kilipima homa zetu.
Nacho kilikosea, kidogo,
upande ule ule siku zote.

Wati tatu ni nini?
Muulize dereva wa boza la maji
aliyekwama nyuma ya kilima kule Fanja, wadi ikishuka,
na sauti yake ikavuka, kwa shida, ikavuka.
Hakurudi kushukuru.
Alirudi kubishana bei.

Ghanim anataja rial mia na ishirini, bila karatasi.
Osiloskopu namwachia. Jenereta namwachia,
namsaidia hata kuibeba, mgongo wangu shahidi.
Mita naivuta upande wangu wa meza.
"Lakini haiko sahihi," anasema, na ni kweli.
"Najua," namwambia. "Najua kwa kiasi gani."

Ameondoka. Rafu ina miraba miwili
isiyo na vumbi.
Kuna redio ya kambi ya Marmul inasubiri tangu Jumapili.
Naifunga kwenye kopo, nabonyeza,
sisemi jina langu, sisemi kitu.
Sindano inapanda, inatetemeka, inasimama:
ishirini na mbili.

Daftarini naandika ishirini na tano.