Kaa

Jumamosi, Bwawa la Nairobi. Kidau cha Muthengi
ni mbao nne, lami na ubishi.
Tulitega madema ya waya wa Gikomba,
chambo utumbo wa kuku,
maboya vitungi vya mafuta ya kupikia.

La kwanza: gugumaji.
La pili: kandambili, ya kushoto.
La tatu limeibwa, imebaki kamba,
tukalaani kwa zamu.

La nne linatikisika.
Kaa mmoja, upana wa kifuniko cha soda,
ameinua gando
kana kwamba mambo yamekatika.

Muthengi, aliyefutwa kazi Jumanne,
anampima kwa rula ya ofisini.
Hajafika kipimo.
Anamshusha majini polepole.
"Kaa," anamwambia,
nami sijui kama anamwita kwa jina
au anamsihi asiondoke.