Betri Hulala Jikoni

Betri hulala jikoni, kati ya mafiga na mbuzi mwenye mimba.
Mavyaa amenuna tangu Juni:
"Mimi nimepewa blanketi moja,
hicho chuma kimepewa mawili."
Kweli, Mama. Lakini wewe ukipatwa na baridi unakohoa.
Hicho kikipatwa na baridi, watu hutafuta bisibisi,
na bisibisi wewe unaijua.

Saa kumi na moja. Benet haijaamka.
Sakitu imemwaga chumvi yake juu ya mabua ya shayiri,
mlima umekaa mgongoni mwetu kama deni.
Nabeba betri begani hadi bandani,
nafungua milango yote miwili, upepo uniseme utakavyo:
moshi wa trekta hauna adabu,
humlaza mtu bila kumuaga.

Labu anakuja mbio na magunzi yanayowaka kwenye karai.
"Mama, tuipashe tumbo!"
Rudisha, mwanangu.
Tumboni mna oili, juu yake dizeli,
na banda lenyewe tumeazima.

Napanda. Sisimami chini kando ya gurudumu,
hata kama starta inafikika kutoka chini,
hata kama kila dereva wa Kween amewahi kuifikia.
Nakaa kitini. Natikisa gia:
inayumba kulia, inayumba kushoto, haina kwao.
Hivyo ndivyo ninavyoitaka.
Breki. Klachi hadi mwisho, goti likitetemeka.
Ufunguo nusu. Taa ya rangi ya chungwa.
Nahesabu kwa Kikupsabiny,
polepole, kama mtu anayehesabu vifaranga vya jirani.

Soyekwo hakuhesabu.
Ilikuwa asubuhi kama hii, shamba la watu linangoja,
betri imelala nje, imekufa nusu.
Akainama mbele ya gurudumu la nyuma
akaunganisha vichwa viwili vya starta kwa bisibisi.
Injini ikaitika mara moja, kwa utiifu.
Gia ilikuwa ya pili.

Ishirini. Taa imezimika.
Nageuza. Inakohoa, inakataa.
Siirudii papo hapo. Natia viganja kwapani,
naiacha starta nayo ivute pumzi.
Labu anataka kusema kitu, anameza.
Mara ya pili: moshi mweupe,
kopo la misumari linaanguka kutoka rafuni,
halafu ile sauti nzito inajikusanya, inakaa.
Siipi mafuta mengi. Asiyenawa uso hapigiwi kelele.

Ng'ambo ya ua mlango wetu umefunguka kidogo.
Kutoka pale haoni kitu, banda limempa kisogo.
Anasikiliza tu, ameegemea mkongojo,
mpaka ahakikishe kwamba kinachonguruma
kinanguruma mahali pamoja.
Kisha anaufunga, taratibu,
kama mtu aliyeamka kunywa maji.