Mshika Mbili

Dawati hili nililipwa.
Jarida la Kileo lilipokata roho
likiwa na deni la makala zangu kumi na moja,
alinipeleka stoo, nyuma ya ofisi, kule Kaloleni, Arusha.
"Anaeli, pesa sina. Chukua hili.
Ni mninga, la enzi za Mjerumani."
Miguu mitatu. Droo moja imegoma kufunguka.
Enzi za Mjerumani! Huku kwetu hata kikombe chenye ufa
kikipata mteja kinakuwa cha Mjerumani.

Nililifunga kwenye pikipiki kwa mpira wa tyubu,
miguu juu kama mbuzi wa Krismasi.
Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe,
watu wa vituoni wananipungia kama bwana harusi.
Trafiki wa Kwasadala akanisimamisha:
"Huyo abiria wako mbona hana helmeti?"

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa barabara.
Niliwaandikia njia wageni wanaouzunguka mlima kwa pikipiki:
Himo, Mwika, Mkuu, Tarakea,
kisha vumbi la Kamwanga, ambalo utalitafuna mpaka kesho yake.
Niliandika petroli ya chupa inauzwa wapi,
na mama yupi wa Useri hakuuzii ndizi
kabla hujamwambia kwenu mmezaliwa wangapi.
Nililipwa kwa neno.
Mvua ikinizuia njiani, niliongeza vivumishi.

Dawati ndilo lililonifikisha Njoro, kwa fundi Ndekirwa.
Nilitaka gundi tu.
Akakwangua kiungo, akaninusisha ukucha wake.
"Hii ni gundi ya ngozi. Ukipaka ya kopo umeua."
Nikakaa miaka minne.

Alinifundisha kuvua vanishi kwa kipande cha kioo.
Msasa hakuupenda; msasa, alisema, una haraka ya kwenda kula.
Tabaka la kwanza jeusi,
la pili jekundu la rangi ya viatu
(mtu alificha kitu, mwingine akayaficha maficho),
halafu mti wenyewe, umeduwaa,
kama mtu aliyewashiwa taa usingizini.
Usiku nilizifungua makala zangu za zamani
nikazikwangua vivyo hivyo.
Vivumishi vikadondoka sakafuni kama maranda.

Shangazi Ndeonansia hanielewi.
"Mwandishi, dereva, seremala.
Mshika mbili moja humponyoka, na wewe unazo tatu!"
Shangazi, pikipiki haishikwi kwa mkono mmoja:
klachi kushoto, moto kulia.
Na fundi ni hivyohivyo:
patasi kushoto, nyundo kulia.
Ni kalamu tu inayoshikwa kwa mkono mmoja,
na kweli,
ndiyo inayoniponyoka.

Juzi kaja bwana mmoja wa Shanty Town, ana hoteli.
Ametaja bei inayolipa ada za watoto wawili,
sare na viatu juu.
Sharti lake moja: lile duara la chai lifutwe, meza ing'ae.
Duara lile ni la Kileo.
Alitua kikombe palepale, kila asubuhi,
akizikata aya zangu za mwanzo, zote, bila huruma,
na alikuwa sahihi.
Karibu mara zote.
Nikamwambia bwana arudi Jumatatu.

Ile droo nimeshaifungua.
Ilikuwa tupu. Mliotarajia hadithi, poleni.

Leo Jumapili. Tarakea kuna bibi
ana saa ya ukutani iliyosimama tangu msiba wa mumewe;
hataki iende, anataka isioze.
Kazi ya namna hiyo sijawahi kuifanya.
Nimejaza mafuta. Ukungu umeshuka hadi Kiborloni,
mlima umejifunika, hauna habari nasi.
Kipande cha kioo nimekizungushia toleo la mwisho la Kileo,
ukurasa wenye jina langu ukiwa ndani.
Daftari na kalamu viko mfuko wa kushoto, upande wa klachi.
Jumatatu nitakuwa bado Tarakea.
Hadi Himo nashika mbili.
Baada ya hapo nitaona.