Safu ya Kumi na Nane

Kesho Profesa Mbeleje anarudisha funguo.
Nitazipokea mimi, fundi wa maabara,
niliyemfungia waya wa kwanza
kwenye kifundo cha mguu wa mtu anayepumua.

Zamani maabara ilikuwa chumba kimoja,
dirisha likitazama Ng'ong'ona.
Vumbi jekundu liliingia bila hodi,
likakaa juu ya kibodi kama mgeni
asiyejua kwamba siku ya tatu hupewa jembe.

Alfajiri tulishuka mteremko,
yeye na kitenge begani, saa ya mbio shingoni,
mimi na begi la simu kuukuu zilizopasuka vioo,
hazipigi, hazipokei,
zimebaki na kazi moja: kuhisi mtikisiko.
Tuliwafunga nazo vijana kwa mpira wa baiskeli.
"Kimbieni," aliwaambia, "mashine itawafuata."
Saa mbili kamili alikuwa ukumbini
akifundisha algoriti,
soksi bado zina mbigili.

Wakubwa walimwita. Profesa, chagua:
kompyuta au mbio?
Akawauliza wao walikuja ofisini kwa mguu upi.

Kisha akaja Nyemo wa Mpunguzi,
miaka kumi na sita,
mkimya kama mtu anayehesabu.
Programu ilimsoma siku tisa:
mguu wa kushoto unachelewa,
sehemu nne za mia za sekunde,
kila hatua, kila hatua.
Ikaandika kwa rangi nyekundu:
JERAHA LINAKUJA. APUMZISHWE.

Tukampumzisha.
Wiki tatu alikaa pembeni ya uwanja akimenya karanga,
hakusema neno, maana mtoto habishani na mkubwa,
sembuse mkubwa mwenye mashine.
Mchujo wa mkoa ukapita pale Jamhuri
tukiusikia redioni.

Siku ya ishirini na mbili
alivua raba mlangoni asichafue sakafu,
na Profesa, akitoka, akajikwaa.
Ya kulia namba thelathini na nane.
Ya kushoto arobaini na moja.
"Hii ya dada, hii ya kaka," alisema Nyemo,
"nimejaza gazeti."

Sijawahi kumwona Profesa akilia,
na siku ile pia sikumwona.
Alikaa kwenye ngazi,
akalitoa lile gazeti, akalikunjua,
akasoma matangazo ya viwanja vya Ihumwa
mpaka la mwisho.

Usiku akafungua jedwali lenye safu kumi na saba,
uzito, mapigo ya moyo, upepo, mwinuko,
akaongeza moja:
Viatu ni vya nani?

Jarida la ng'ambo likarudisha makala.
Safu hii si kipimo, iondoeni.
Alijibu kwa mstari mmoja, akanisomea huku anacheka:
Basi niondoeni na mimi.
Wakamwondoa.

Nyemo hakuwa bingwa. Kesho hotuba zitaruka hapo,
zitamtaja Gwandu aliyekata utepe kwenye nchi ya theluji,
zitahesabu shahada na machapisho,
keki itakatwa, mtu atasema "mama yetu"
naye atatazama saa.
Nyemo anafundisha michezo Bahi.
Kila muhula hututumia fomu za wanafunzi wake
ndani ya bahasha yenye harufu ya chaki.

Zimefika leo, arobaini na tatu.
Naziingiza moja moja.
Safu ya kumi na nane, mwandiko wa penseli:
vya shangazi.
vya shule.
vyangu ila vinabana.
vya marehemu.
sina.

Programu imesimama hapo.
Inauliza "sina" ni aina gani ya taarifa,
namba au neno.
Kishale kinapepesa, sijakijibu.
Nampigia simu aje aone.
Bado ana funguo.